Kabla ya Kurudishiwa Utumbo, Andaa Choo Chako

Mtu anayetolea haja kwenye tundu la tumboni huhesabu siku. Awe alipata tundu hilo kwa sababu utumbo mpana ulijisokota, au homa ya matumbo ilitoboa utumbo mwembamba, au alipata ajali ya barabarani, au alikutwa na saratani ya njia ya haja kubwa, swali analokuja nalo kliniki ni lilelile: "Daktari, mtanirudishia lini?" Ana haki ya kuuliza. Lakini sisi tunaouguza wodi za upasuaji tunaona jambo moja likijirudia. Wagonjwa wengi hujiandaa kwa siku ya upasuaji tu. Hukusanya hela, hutafuta ndugu wa kuchangia damu, huomba ruhusa kazini. Wiki na miezi inayofuata, wakati choo kimerudi kwenye njia yake lakini hakijatulia, hawajaambiwa habari zake na hawajaziwekea akiba yoyote. Huko ndiko wanakoteseka zaidi, na mengi ya mateso hayo yangepungua kama maandalizi yangeanza mapema nyumbani.

Anza kwa kujua una tundu la aina gani, maana ushauri wa jirani wa kitanda unaweza usikufae kabisa. Ileostomi ni ya utumbo mwembamba, kwa kawaida huwekwa upande wa kulia, na choo chake ni cha majimaji na huunguza ngozi. Kolostomi ni ya utumbo mpana, mara nyingi upande wa kushoto, na choo chake kinakaribia kile cha kawaida. Kisha kuna namna ilivyotengenezwa. Wengine utumbo wao ulivutwa nje ukiwa kitanzi, tundu moja lenye midomo miwili. Kuufunga huo si kazi kubwa sana: mara nyingi daktari hukata kuzunguka tundu, huunga utumbo, huurudisha ndani, bila kulipasua tena tumbo zima. Wengine kipande kibovu kiliondolewa, ncha ya juu ikatolewa nje, ncha ya chini ikazibwa na kuachwa nyongani. Upasuaji huo huitwa Hartmann, kwa jina la Henri Hartmann, daktari mpasuaji wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1921. Kuurudisha ni upasuaji mkubwa wa saa kadhaa, kwa kuwa lazima ncha hizo mbili zitafutwe ndani na kuunganishwa, na hatari zake ni kubwa kuliko za kufunga kitanzi. Muulize daktari wako, kwa maneno haya haya: "Langu ni la kitanzi au ni Hartmann?" Jibu lake litakueleza muda wa kusubiri, ukubwa wa kidonda na siku za kulazwa.

Kuhusu muda, kitanzi cha ileostomi kwa kawaida hakifungwi kabla ya wiki 8 hadi 12. Hartmann husubiri miezi 3 hadi 6, na mara nyingi zaidi ya hapo. Baada ya upasuaji wa kwanza matumbo hugandana kwa makovu mabichi, na daktari akiingia mapema mno atauchana utumbo wakati anautenganisha. Anayetumia dawa za saratani huenda akasubiri amalize kwanza. Najua inavyouma kuambiwa "rudi baada ya miezi miwili" ukiwa umeshauza mbuzi kwa ajili ya nauli. Hata hivyo, tarehe ifuate hali ya mwili. Harusi ya mdogo wako au kufunguliwa kwa shule si sababu ya kumsukuma daktari.

Kabla ya kupangiwa tarehe, vipimo viwili vinastahili kuulizwa. Kimoja ni picha ya eksirei inayopigwa baada ya kupitisha dawa maalumu kwenye njia ya haja kubwa au kwenye mdomo wa chini wa tundu, ili kuona kama utumbo wa chini hauvuji na haujabana. Wenye saratani, na baadhi ya wengine, huhitaji pia kuchunguzwa utumbo kwa kamera. Kipimo cha pili ni damu: wingi wake, chumvi zake, figo, sukari. Mzazi wa mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa aulize pia kama njia mpya aliyotengenezewa mwanawe imeshapanuliwa kiasi cha kutosha, kwa sababu ikifungwa kolostomi wakati njia ya chini bado ni nyembamba, mtoto atashindwa kutoa choo.

Tuje kwenye mwili wenyewe. Mtu aliyekonda, mwenye damu pungufu, huunga kidonda kwa shida, na kidonda kinachozungumzwa hapa kiko ndani ya tumbo, mahali ambapo kikiachia kinamwaga choo. Kwa hiyo miezi ya kusubiri ni miezi ya kula. Mayai, samaki, dagaa waliosafishwa vizuri, kuku, maziwa kama yanakukubali, karanga zilizosagwa laini kwenye mboga. Damu ikiwa pungufu, vidonge vya madini ya chuma vinahitaji wiki kadhaa kufanya kazi, basi visisubiri wiki ya mwisho. Mvutaji wa sigara aache, walau wiki 4 kabla, na asirudie mpaka kidonda kipone. Mwenye kisukari aishushe sukari. Kila dawa unayotumia itajwe, na hapo namaanisha pia mizizi na majani uliyopewa na shangazi, kwa sababu baadhi huchezea damu na baadhi huchezea figo.

Mwenye ileostomi ana jambo lake la ziada: anapoteza maji na chumvi kila saa. Akihisi kiu isiyokatika, misuli ikimkaza, mkojo ukawa kidogo na wenye rangi nzito, ameishiwa maji hata kama anakunywa mno. Maji matupu yakizidi yanaweza kuongeza kinachotoka kwenye tundu na kuondoka na chumvi zaidi. Kinachofaa ni maji ya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ikikosekana, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya usawa visivyorundikwa, unywe kidogo kidogo mchana kutwa. Figo zilizokauka huahirisha upasuaji, na zikipita bila kugunduliwa huleta taabu kubwa zaidi baada yake.

Sasa misuli. Njia ya haja kubwa isiyotumika kwa miezi ni sawa na mguu uliotoka kwenye plasta: upo, lakini umesinyaa na umesahau kazi. Misuli inayobana haja inaweza kuamshwa kabla ya upasuaji, bila gharama yoyote. Kaa au lala, bana kama mtu anayezuia upepo usitoke mbele za watu, bila kukaza makalio wala tumbo, bila kubana pumzi. Hesabu hadi 5, achia, pumzika kwa hesabu kama hiyo. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Baada ya wiki chache hesabu hadi 10. Wanawake waliojifungua kwa shida, na wote walioondolewa sehemu ya chini ya utumbo mpana, walichukulie zoezi hili kama dawa waliyoandikiwa. Wapo pia wanaoshtuka kuona ute mweupe au wa kijivu ukitoka nyuma ilhali choo kinatokea tumboni. Ni jambo la kawaida, utumbo uliopumzishwa huendelea kutoa ute. Kaa chooni, sukuma taratibu, utoke. Ukiwa na damu nyingi au harufu ya usaha, sema kliniki.

Halafu choo cha nyumbani, ambacho ndicho nilichokitanguliza kwenye kichwa cha makala haya. Baada ya kurudishiwa utumbo, mtu anaweza kwenda haja mara 6, 8, hata 10 kwa siku, na usiku pia, na haja ikimjia haimpi muda wa kutafuta viatu. Kama choo chenu kiko uani, ng'ambo ya kisima, na ni cha kuchuchumaa, fikiria mwenye mshono mpya tumboni akikimbilia huko gizani wakati wa mvua. Tafuta kiti cha plastiki, fundi akate tundu katikati, kiwekwe juu ya ndoo chumbani au juu ya shimo. Weka taa karibu. Weka maji, sabuni, vitambaa laini vya pamba, mafuta mazito ya kujipaka au krimu ya zinki. Nunua pedi au nepi za watu wazima chache, na akiba ya khanga kuukuu za kutandika. Kama ni nyumba ya kupanga yenye choo kimoja kwa familia nne, zungumza na wapangaji wenzako kabla. Ukiwaeleza kwamba unatoka kwenye upasuaji wa tumbo, watu huwa na huruma kuliko tunavyowadhania. Mpate pia mtu wa kuchota maji, maana ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hutakiwi kuigusa kwa wiki 6.

Siku ya kutia saini fomu ya ridhaa, uliza maswali yako bila haya. Je, utumbo ukishindikana kuunganishwa nitaamka na tundu jingine? Wakati mwingine hutokea, na ni afadhali kulijua kabla kuliko kulipapasa baada ya nusu kaputi. Utanifungua wapi? Nikizidiwa nyumbani nimpigie nani? Kuhusu kufunga kula, kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula, maziwa yakihesabiwa kuwa chakula, na saa 2 bila maji. Hospitali yako ikikupa masharti makali zaidi, fuata yao. Ukikosea ukanywa uji alfajiri, mwambie daktari wa usingizi ukweli. Kuahirishwa siku moja si kitu mbele ya chakula kuingia mapafuni.

Ukiamka, kazi yako ya kwanza ni kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku umeukumbatia mto tumboni. Ya pili ni kutembea, siku hiyo hiyo au kesho yake, hata kama ni kutoka kitandani hadi dirishani. Kutembea huamsha utumbo na huzuia damu kuganda miguuni. Kisha mnasubiri upepo. Wodi nzima hufurahi mgonjwa akijamba, na furaha hiyo ina sababu: ni ishara kwamba utumbo umeamka. Usijilazimishe kula ili upone haraka. Anza na vinywaji kadiri utakavyoruhusiwa, halafu vitu laini. Tumbo likijaa, kwikwi ikianza, kichefuchefu kikija, acha kula na umwite muuguzi. Mara nyingi ni utumbo uliolala tu, hupita baada ya siku chache za dripu, na pengine mpira wa puani. Ndugu wanaoleta supu nzito ya makongoro siku ya pili wanafanya hivyo kwa upendo, ila waiweke kwanza.

Choo cha kwanza kinaweza kuwa cheusi, chepesi, chenye damu kidogo. Kisikutishe. Kidonda mahali palipokuwa na tundu, madaktari wengi hukikusanya pembeni na kuacha kishimo kidogo katikati ili maji machafu yatoke. Kishimo hicho hujaa chenyewe kwa wiki kadhaa za kusafishwa na kufungwa bendeji. Usidai kishonwe, na usikijaze unga wa dawa yoyote.

Jambo moja nalisema kwa mkazo wote nilionao: mtu yeyote asikupige bomba la kusafisha tumbo, wala asikupe dawa ya kuharisha, ya duka au ya mitishamba, bila idhini ya daktari aliyekupasua. Mshono wa utumbo bado ni mchanga, na bomba linaweza kuuchana. Mama mkwe akisema tumbo lina uchafu wa hospitali, mshukuru kwa heshima, na umkatalie.

Mshono ukiachia, mara nyingi huwa ndani ya siku 10 za mwanzo, ingawa unaweza kuchelewa zaidi. Wakati huo huenda uko nyumbani tayari. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, tumbo kuwa gumu au kuvimba, kutapika, upepo na choo kukatika, moyo kwenda mbio hata umelala, usaha au choo kutoka kwenye kidonda, damu nyingi, shavu la mguu kuvimba na kuuma: hata moja kati ya hayo, rudi hospitali yenye wapasuaji saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Kununua vidonge vya kuua vijidudu dukani na kungoja asubuhi kumewapoteza watu ambao wangeweza kuokolewa. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetoka mbali, tuseme kutoka Kigoma kuja hospitali ya Bugando, Mwanza, asipande basi siku anayopewa ruhusa. Atafute ndugu mjini akae wiki moja au mbili, mpaka aonwe tena kliniki. Na siku ya safari avae nepi, ale kidogo, achague kiti karibu na mlango, na amweleze kondakta mapema.

Nyumbani, ngozi ya nyuma ndiyo huteseka kwanza. Choo chepesi kutoka utumbo mwembamba kina vimeng'enya vinavyounguza. Watu husubiri wachubuke ndipo watafute krimu, ilhali krimu ipakwe tangu haja ya kwanza. Jisafishe kwa maji, usitumie gazeti wala karatasi ngumu, kausha kwa kugusisha kitambaa laini bila kusugua, kisha paka mafuta mazito au krimu ya zinki. Kama pameshachubuka, kalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, mara mbili tatu kwa siku.

Chakula cha wiki za mwanzo kiwe kile kinachokamata choo na kisichoacha makapi mengi: wali mweupe, ugali wa sembe badala ya dona, ndizi mbivu, viazi mbatata vilivyomenywa, mkate mweupe, mayai, samaki, kuku asiye na mafuta mengi. Kula kidogo mara tano au sita, tafuna hasa. Makande, mahindi ya kuchoma, miwa, maharage, kabichi, uyoga na vipande vya nazi vingoje, kwa sababu utumbo kwenye mshono bado umevimba na makapi yanaweza kuziba. Pilipili hutoka inavyoingia, na ngozi yako itajua. Kahawa, soda na maziwa mabichi huwaharakisha wengi. Baada ya wiki 4 hadi 6 rudisha chakula kimoja kimoja, siku mbili tatu kila kimoja, na uandike kwenye daftari kimekufanya nini.

Choo kikizidi, kuna dawa ya loperamidi, ambayo humezwa karibu nusu saa kabla ya kula. Ianze kwa kiasi kidogo na kwa maelekezo ya daktari, na isitumike kabisa ukiwa na homa, tumbo lililovimba au choo cha damu. Wapo wachache wanaofunga choo badala ya kuharisha, hasa wakiwa kwenye vidonge vikali vya maumivu. Hao nao wasijikamue, waseme.

Kubeba vizito, kulima, kufyatua tofali na kumnyanyua mtoto, yote yasubiri wiki 6 kwa uchache, kwa kuwa pale palipokuwa na tundu ni mahali pepesi pa kutokea ngiri. Tendo la ndoa linarudi pale maumivu yanapokwisha na moyo unapotaka. Wanaume waliopasuliwa nyongani wakiona nguvu zimepungua wamwambie daktari, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wajue kwamba kuharisha kunaweza kuvipunguzia nguvu. Muislamu asiyeweza kuzuia haja au upepo ana nafasi yake katika dini, hutawadha kwa kila swala na kuendelea, na funga ya Ramadhani inaweza kulipwa baadaye. Azungumze na sheikh wake pamoja na daktari wake.

Kwa wengi waliofungwa kitanzi, mambo hutulia ndani ya wiki chache hadi miezi michache. Walioondolewa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kwa saratani, hasa walioungwa karibu kabisa na njia ya kutokea, wanaweza kuhangaika mwaka mmoja au miwili: haja inakuja kwa mafungu, unatoka chooni unarudi, hujui kama ni upepo au choo. Hiyo ni hali inayojulikana na ina matibabu, kuanzia chakula, dawa na mazoezi ya misuli hadi njia za kusafisha utumbo kwa maji zinazofundishwa na wataalamu. Anayekaa nayo kimya akidhani ni bahati yake mbaya anajinyima msaada uliopo.

Na wapo ambao, baada ya yote hayo kujaribiwa kwa muda wa kutosha, bado hawawezi kwenda sokoni, msikitini au kanisani bila kuogopa. Baadhi yao huomba wenyewe kurudishiwa kolostomi, na wengine ambao hawakuwahi kufungwa huamua kubaki walivyo, kwa sababu ya umri, moyo dhaifu au misuli iliyoharibika. Kama wewe ni mmoja wao, usikubali ndugu wakuite mwoga. Keti na daktari, muulize hatari za kila upande, nenda na mtu unayemwamini asikilize pamoja nawe, na uamuzi uwe wako.